Betri za Gédéon

Nabintu alikuwa amezoea kupokea betri zilizotoka kwenye baridi. Zililetwa kwenye karakana ya Bwana Kewal, pale mtaa wa Hockley, nyuma ya duka la wachonga vito, zikiwa zimefungwa kwenye mbao: betri kubwa za matingatinga, za magreda, za magari ya kumwaga chumvi barabarani. Zilitoka Wales milimani, au Scotland kwenye machimbo ya mawe, mahali mashine zinapoachwa kipupwe kizima bila mtu wa kuziwasha. Zikifika zilikuwa kimya kabisa. Ukiziwekea mita, sindano haisogei. Chaja za kisasa zinazikataa, zinawasha taa nyekundu na kuzima, kwa sababu chaja ya siku hizi ikikuta betri imeshuka mno inaiona kama kitu kisichokuwepo.

Bwana Kewal ndiye aliyemfundisha kuzidanganya chaja. Unaiweka betri mfu ubavuni mwa betri hai, unaziunganisha kwa waya, kichwa chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na chaja inaona ile hai tu. Unaupitisha moto wa umeme kidogo kidogo, siku mbili, siku tatu, ukiigusa betri ubavu kwa kiganja kila mara kama mtu anayempima mtoto homa. Lakini kwanza, kabla ya yote, unaangalia kama imeganda. Betri iliyoisha nguvu maji yake yanakuwa maji matupu, na maji matupu huganda. Ukiilazimisha ikiwa na barafu tumboni, inapasuka na kukumwagia asidi usoni. Kwa hiyo unaiacha ndani, kwenye joto, mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza.

Mzee huyo, Mhindi wa kilemba, alizaliwa Kisumu, akajifunza kazi kwa baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Kisumu ingawa aliondoka huko kijana. Nabintu alikuja kwake kufagia. Magoti ya mzee yalipochoka alimwita pale mezani akamwambia, "Mama Précieuse, wacha hiyo fagio. Kuja uone hii kitu." Tangu siku hiyo akawa fundi. Kwao Bukavu alikuwa muuza vitenge. Hapa, watu wa kanisani walipomuuliza kazi yake, alijibu kwa fahari kidogo kwamba anafufua betri, na watu walicheka, na yeye naye alicheka.

Mumewe, Gédéon, hakuwa na bahati hiyo. Ghala la vifurushi alilofanyia kazi lilifungwa, akakaa nyumbani Erdington mwaka na zaidi, akipika, akimpeleka binti yao Précieuse shule hata baada ya Précieuse kukua na kuanza kuona haya kupelekwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi akawa mtu wa maneno machache. Kwa hiyo ilipopatikana kazi ya kulinda mashine kaskazini mwa Scotland, juu mlimani, kwenye barabara iliyokuwa ikichongwa ili mitambo ya upepo ipandishwe, aliichukua kabla hajaulizwa mara ya pili. Wajenzi walikuwa wameshuka kwa sababu ya theluji. Yeye angebaki peke yake ndani ya kibanda cha chuma, na kila asubuhi angewasha kila mashine, aiache ingurume nusu saa, kisha apige simu ofisini kusema zote zimeamka.

"Ni kazi ya mtoto," alimwambia mkewe akifunga begi. "Kuamsha mashine na kulala."

"Miye ndiye ninaamusha betri," Nabintu alimtania. "Weye unaenda kuniibia kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kucheka pamoja.

Siku Gédéon alipopiga simu kutoka mlimani, Nabintu alikuwa peke yake karakanani. Bwana Kewal alikwenda hospitali kuangaliwa macho, na alisema angerudi mchana. Nabintu aliona jina la mumewe kwenye simu akaipokea kwa bega, mikono yake ikiwa na glavu. Alisikia upepo kwanza.

"Mama Précieuse! Unanisikia?"

"Nakusikia. Uko wapi na ule upepo?"

"Niko juu ya jiwe, huku ndiko réseau ya simu inapatikana. Sikiliza, simu haina moto mingi. Groupe imezima."

Groupe ndiyo jenereta. Ndiyo iliyokuwa ikitia joto kibandani. Bila hiyo kile kibanda kilikuwa sanduku la bati tu katikati ya theluji.

"Imezima tangu lini?"

"Tangu usiku. Nimeamuka, ndani baridi sawa na ya inje. Nimejaribu kuiwasha. Mwanzo ilizunguka, ilizunguka sana, haiwake. Kisha ikachoka. Sasa inafanya tu ka-ka-ka."

Nabintu aliijua ka-ka-ka hiyo. Aliisikia kila wiki. Ni sauti ya betri iliyokwisha, na aliposikia hivyo moyo wake ulitulia, kwa sababu hilo lilikuwa jambo analoliweza.

"Toa batri ya voiture, ya ile pikapu, uiweke pale."

Gédéon alisema yote kwa haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu. Alikuwa ameugua mafua mabaya, juma zima hakutoka kitandani ila kupanda jiwe na kupiga simu. Mashine hakuziwasha. Kila asubuhi aliwaambia ofisini kwamba zimeamka. Jana yake, alipopata nguvu, alikwenda kuziwasha akakuta zote zimelala, akachukua betri ya pikapu kuliamsha tingatinga kubwa, nayo ikaisha hapo hapo.

"Ofisi umewaambia?"

"Hapana! Na weye usiwaambie. Wakijua mashine zote zimekufa mikononi mwangu, wananifukuza leo. Nisaidie tu niwashe groupe. Nikipata courant ya umeme, chaja iko hapa, nitaamusha moja moja, hakuna mtu atajua."

Nabintu angeweza kusema, piga simu polisi. Angeweza kupiga mwenyewe, simu ilikuwa mkononi. Lakini alimfikiria Gédéon akirudi na begi lake Erdington, akikaa tena kwenye kile kiti cha jikoni akitazama ukuta, na akasema, "Sawa. Sikiliza vizuri."

Alimweleza azungukie mashine zote, afungue vifuniko, atazame betri. Iliyovimba ubavu aiache, imeganda. Isiyovimba aitikise asikilize maji. Achukue mbili au tatu zilizo afadhali, aziingize kibandani.

"Joto haliko kibandani."

"Gesi?"

"Gesi imegoma na hii baridi. Inawaka kidogo, inakufa."

Nabintu alifikiri. "Basi lala nazo," alisema. "Ziweke kitandani, funika na blanketi zote, na weye ingia katikati. Mwili wako utazipa joto. Kisha uzifunge zote pamoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Moja moja hazina nguvu, lakini zikiwa tatu zitatosha kuzungusha groupe mara moja. Mara moja tu inatosha."

"Nilale na batri," Gédéon alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kicheko. "Bibi yangu ananitafutia bibi mwingine."

Akakata.

Betri ya tingatinga ni nzito kushinda gunia la saruji. Nabintu aliendelea na kazi yake akimwona kwa akili akiburuta betri moja baada ya nyingine juu ya theluji, mtu aliyetoka kitandani jana. Hakula. Kila gari lililopita nje alidhani ni simu inayotetemeka mezani.

Ilipigwa tena karibu na adhuhuri. Safari hii Gédéon alikuwa akihema.

"Imezunguka! Mama Précieuse, imezunguka!"

"Imewaka?"

"Haijawaka. Lakini imezunguka kama mpya! Vuu, vuu, vuu. Kisha ikachoka tena."

Nabintu alipiga kelele ya furaha peke yake mle karakanani. "Umeona! Zimeamuka! Sasa zirudishe kitandani, zipate joto tena, batri ikipumzika inarudisha moto kidogo. Ngoja saa moja, ujaribu tena. Itawaka."

Upepo ulivuma kwenye simu. Gédéon aliposema tena, furaha ilikuwa imepungua.

"Nilikuwa nafikiri... Hapa sasa kuna mwangaza, na theluji imetulia. Nikishuka sasa ninaweza kufika kwa geti ya huko chini mbele ya giza. Pale kuna nyumba ya mlinzi wa msitu. Miguu sizisikii vizuri, lakini nikitembea zitapata joto. Unaonaje?"

Nabintu alitazama meza yake. Mbele yake zilikuwa betri nne zilizofika juzi zikiwa maiti, na sasa zote zilikuwa zikionyesha uhai kwenye mita. Alikuwa hajashindwa na betri mwaka huo mzima, isipokuwa zile zilizopasuka.

"Bakia," alisema. "Umefika karibu sana. Ukiondoka sasa unapoteza yote. Bakia, ujaribu tena, itawaka."

"Unasema hivyo?"

"Ninasema hivyo. Hii ni kazi yangu, papa Précieuse."

"Bon," alisema. "Ninazima simu, moto wake uko kwa rouge, unaisha. Nikiwasha groupe nitakupigia."

Bwana Kewal alirudi akiwa amevaa miwani myeusi ya hospitalini, akipapasa mlango. Nabintu alimsimulia yote kabla mzee hajaketi, maneno yakimtoka kwa kasi, naye mwenyewe akisikia kwamba kuna majivuno ndani yake. Alipofika kwenye vuu, vuu, vuu, mzee aliinua kiganja.

"Ngoja. Asubuhi, kabla hajaanza mambo ya betri, ilizunguka?"

"Ilizunguka sana, kisha ikachoka."

"Na sasa imezunguka tena na haikushika?"

"Ndiyo."

Bwana Kewal alivua ile miwani. Macho yake yalikuwa mekundu na yakitoa machozi ya dawa.

"Na ilikuwa inaunguruma usiku ikazima yenyewe? Kwa nini ilizima?"

Nabintu hakuwa ameuliza.

"Mama Précieuse," mzee alisema polepole, "hiyo si betri. Betri haizimi injini ikiwa inaendelea. Hiyo ni dizeli. Kwa baridi kama hiyo dizeli inaganda kama samli kwa kopo, haipiti kwa filta. Anaweza kuzungusha mpaka kesho. Hata ukimpa betri mpya kumi, hiyo jenereta haitashika. Mwambie ashuke. Mwambie ashuke sasa hivi."

Alimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena, sauti ya yule mwanamke wa kwenye mashine ikimwambia kwa upole uleule kwamba mtu huyo hapatikani. Ndipo alipopiga polisi, Bwana Kewal akimshikia simu. Walimuuliza jina la mlima. Hakulijua. Alijua "chantier" tu, mahali pa ujenzi, alijua barabara ya mitambo ya upepo. Ikabidi atafutwe mtu wa ofisi ya kampuni, na mtu wa ofisi alishangaa: asubuhi hiyo hiyo mlinzi wao alipiga akasema mashine zote zimeamka na yeye mzima.

Waokoaji walianza kupanda jioni. Dhoruba mpya ikawakuta njiani ikawarudisha. Nabintu alikaa sebuleni kwake Erdington na simu mapajani, Précieuse kando yake akimuuliza kwa Kiingereza, tena na tena, baba yuko ndani au yuko nje? Yuko ndani, alijibu. Nimemwambia abaki ndani. Na huo ulikuwa ukweli.

Walimpata siku iliyofuata, si kibandani. Alikuwa barabarani, chini ya kona ya mwisho kabla ya geti, amekaa akiegemea nguzo ya alama kama mtu anayepumzika. Kibandani walikuta betri tatu kitandani chini ya blanketi, zimefungwa pamoja kwa waya, na kazi ya waya, alisema askari aliyekuja kuwaeleza, ilikuwa nzuri sana. Alisema hilo kwa nia njema. Kwa jinsi walivyohesabu wao, alijaribu mpaka giza lilipokaribia, ndipo akaondoka.

Mwili uliletwa kwa gari. Kabla ya maziko walimpa Nabintu mfuko wa nguo. Ndani yake kulikuwa na sweta ya kijivu aliyomshonea kiwiko mwenyewe. Kifuani ilikuwa na matundu madogo madogo, mengi, yenye kingo za kahawia, yakizidi kuwa makubwa kuelekea tumboni. Askari wala watu wa hospitali hawakujua ni ya nini. Nabintu alijua. Nguo zake mwenyewe zote za karakanani zilikuwa nayo. Betri mojawapo ilikuwa ikivuja, na Gédéon aliikumbatia saa zote zile, asidi ikimla sweta na ngozi, kwa sababu aliambiwa ailee kwa joto la mwili wake.

Kanisa lilijaa. Wanawake walikuja na sahani za sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mihogo, wakalala sebuleni zamu kwa zamu. Seema, mke wa Bwana Kewal, alileta wali na dengu, akakaa sakafuni na wenzake bila kuulizwa, ingawa hakujua wimbo hata mmoja. Mchungaji alisema ni Bwana aliyetoa na ni Bwana aliyetwaa. Watu waliitikia. Nabintu hakuitikia, na waliomwona walidhani ni uchungu tu.

Bwana Kewal alisubiri mpaka wageni wapungue.

"Kosa ni yangu," alimwambia. "Mimi nilikufunza betri peke yake. Injini sikukufunza. Kama ningekufunza..."

"Mzee, usiseme."

"Nasema tu ujue."

"Ulikuja, ukauliza neno moja," alisema Nabintu. "Moja tu. Na miye nilikuwa naye toka asubuhi."

Mzee alichukua kofia ya mvua, akaiweka juu ya kilemba chake, akatoka.

Nabintu alirudi karakanani, kwa sababu kodi haikungoja matanga yaishe. Alifanya kazi siku chache. Akaletewa betri za greda kutoka mlimani, zimevimba, zina theluji kwenye pembe. Aliziinua mezani, akavaa glavu, akaweka kiganja ubavuni mwa ya kwanza apime kama imeganda, na kiganja kikakataa kutoka. Alisimama hivyo muda mrefu. Bwana Kewal alimkuta pale akamwondoa kiganja kidole kimoja kimoja. Siku hiyo alikwenda nyumbani hakurudi tena. Sasa anafagia stesheni ya mabasi ya mbali, Digbeth, ambako hakuna anayemuuliza lolote.

Kulikuwa na uchunguzi, kama wafanyavyo huku. Aliulizwa kama marehemu aliomba msaada. Akasema yote, hata lile neno "bakia". Mwanamke aliyekuwa akiandika aliinua macho, akamwambia hakuna anayemlaumu, kisha akaendelea kuandika. Nabintu alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Alitoka mle chumbani akiwa na mzigo uleule aliouingiza.

Aliyebaki ni mama mkwe wake, mama Thérèse, kule Bukavu, ambaye hakupata viza ya kuja kuzika. Yeye alijua kwamba mwanawe alikufa kwa baridi na si zaidi. Miezi ilipita. Jumapili moja baada ya ibada alipiga simu, wakasalimiana, wakauliziana afya, Précieuse akaitwa akasema jambo kwa bibi yake kwa Kiswahili cha kubabaisha akarudisha simu. Kisha mama Thérèse akaleta swali lake.

"Mwanangu, Aganze ananiambia ulizungumuza na Gédéon ile siku."

Aganze ni mdogo wake Gédéon, anayeishi na mama yao.

"Ndiyo, mama. Mara mbili."

"Alisema nini? Niambie. Nataka tu kusikia maneno yake."

Nabintu angeweza kumpa kile kicheko, bibi anayemtafutia mumewe bibi mwingine. Ingemtosha mama mzee kwa maisha yake yaliyobaki. Lakini mdomo wake ulikuwa umechoka kubeba.

"Aliniuliza kama ashuke, mama. Kungali mchana. Njia ilikuwa imefunguka. Miye ndiye nilimwambia abakie."

Simu ilikuwa wazi. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kule Bukavu, aliisikia vizuri, na mtu alikuwa akiita kuku.

"Ulimwambia abakie," mama Thérèse alisema.

"Ndiyo, mama. Nilifikiri ni batri. Nilifikiri ninajua."

Alingoja. Alingoja matusi, alingoja kilio, alikuwa tayari kuvipokea na hata alivitamani. Mama Thérèse hakulia. Aliuliza kama Précieuse anakula vizuri. Nabintu akasema anakula. Mama mkwe akasema haya, Mungu awalinde, na simu ikakatika, labda mvua, labda yeye.

Nabintu hupiga kila Jumapili. Aganze ndiye anayepokea, kwa heshima zote, shemeji habari za huko, shemeji poleni na baridi. Akimwomba ampe mama, Aganze hutoka kidogo, hurudi, husema mama amelala. Alipiga asubuhi, mama alikuwa amelala. Alipiga saa za chakula cha mchana, akasikia sauti ya mama Thérèse mwenyewe nyuma ikimkaripia mtoto juu ya sufuria.

"Mama amelala, shemeji," alisema Aganze.

"Sawa," alisema Nabintu. "Nitapiga tena."